Mwaka wa Kutokuwa na Haya

Kazini tunamwita Shangazi, na kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli. Husimama mbele ya meza ndefu katika chumba cha nyuma, mvuke ukipanda mpaka dirisha linatoa jasho. Bega lake la kulia limechakaa. Akitaka kushusha kitu rafuni hutumia mkono wa kushoto, wala halalamiki.

Lakini kinachommaliza hasa si bega, ni neno moja. "Shangazi, nishikie zamu ya Jumapili, nina harusi." Haya. "Shangazi, nimalizie mataulo, mimi nawahi gari." Haya. Hulitamka upesi, mwombaji hata hajafunga mdomo. Jumapili zake za mapumziko zimeisha hivyo, moja moja, kama kipande cha sabuni.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya mwaka mpya, msimamizi wetu, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa ratiba, alitukusanya kwenye meza ya kukunjia. Akataka kila mtu ataje lengo lake la mwaka. Mmoja akasema atapunguza mwili. Dereva wa gari la mashuka akasema ataacha sigara, tukamcheka, maana alikuwa nayo moja sikioni. Ilipofika zamu ya Shangazi, alifuta mikono kwenye aproni.

"Mimi mwaka huu haya sina tena."

Kidoti, binti wa mataulo ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyepasua kicheko.

"Jamani, mmesikia? Shangazi hana haya! Wenye waume, wafungieni ndani!"

"Si haya hiyo, mwanangu," akasema Shangazi, naye akicheka kidogo. "Ni haya ya kukubalikubali. Nimechoka nayo. Jumapili hii nataka kulala mpaka nichoke kulala."

Hakuna aliyemwamini. Jumamosi jioni Kidoti alimfuata, uso ameukunja aonewe huruma.

"Shangazi, mwenzio nimebanwa. Nishikie kesho tu."

Shangazi alisukuma pasi mpaka mwisho wa shuka. Nilikuwa upande wa pili wa meza, nikaona midomo yake imeshajiweka tayari kwa lile neno.

"Hapana, mwanangu."

"Kumbe kweli huna haya!"

"Si niliwaambia?"

Kidoti alicheka, lakini aliondoka amenuna. Shangazi akakunja shuka lile, akalikunjua, akalikunja upya.

Yaliyotokea nyumbani kwake alinisimulia mwenyewe Jumatatu. Kazini alikuwa amejiandaa, nyumbani hakuwa amejiandaa. Jumapili asubuhi wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alibisha hodi na watoto watatu na begi la nguo. Alikuwa amesikia kwamba safari hii Shangazi haingii kazini.

"Wifi! Afadhali nimekukuta. Nakuachia hawa mpaka jioni, nikasuke nywele."

Shangazi alisimama mlangoni na kilemba cha kulalia kichwani. Alitafuta maneno laini, hakuyapata. Alilopata ni lile la kazini.

"Wifi yangu, mwaka huu mimi sina haya."

Wifi alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Naona," akasema. Akawashika watoto mikono, akageuka nao.

Hata kitanda hakijapata joto, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umemtukana mwenzio mbele ya watoto?"

"Sijamtukana. Nilitaka kumwambia nimechoka."

"Nani hajachoka? Sote tumechoka. Basi na wewe ukishikwa na shida, hodi kwetu usipige."

"Haya," akasema Shangazi.

Likamtoka kabla hajalipima, na simu ikakatwa. Alijua mdogo wake hatanii. Ndiye aliyempeleka hospitali mwaka jana bega lilipokataa kunyanyuka, na mke wake ndiye aliyemwogesha wiki ile nzima. Angeweza kupiga simu, aeleze maana ya ile haya, aombe radhi, na watoto wangerudi kabla ya saa sita. Alisema kidole kilishafika kwenye namba. Kisha akafikiria kuinuka, kufungua mlango, kupika, kutenganisha ugomvi wa wale watatu, na mwili ukamkatalia. Akaisukuma simu chini ya mto, akajilaza kwa ubavu wa kushoto.

"Angalau ulilala," nikamwambia.

"Nililala kitandani," akajibu, akivuta shuka jingine. "Usingizi wenyewe ulikuja mchana, ukakaa kidogo, ukaondoka. Namfikiria wifi tu. Nitakwenda kumwona, lakini si leo, leo sina maneno."

"Na baada ya usingizi kuondoka?"

"Sikuinuka. Hata chai ya chupa iliyokuwa kando ya kitanda nilikunywa nimelala, ikanimwagikia shingoni."