Kimya cha Uwanja wa Moa

Siku niliyokwenda kuomba kazi niliulizwa swali moja tu, nikalikosa, na swali lenyewe nilikuwa nimelitunga mimi.

Mkuu wa Vipindi wa redio yetu ndogo pale Tanga mjini alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi shingoni. Alipokea ukurasa wa maswali niliyokuwa nimeyaandika nyumbani kama kipimo cha kuombea kazi, akasoma la juu kabisa kwa sauti: "Reli ya Tanga inaishia wapi?" Kisha akanitazama juu ya miwani. "Haya, jibu."

"Arusha, Mkuu."

"Fundi Mitambo, njoo. Reli ya Tanga inaishia wapi?"

Fundi Mitambo, mtu mzima ambaye babu yake alikuwa mtu wa reli, akajibu bila kugeuka kwenye waya zake, "Moshi. Mjerumani aliishia Moshi. Huko mbele walipeleka wengine."

"Na ukimuuliza abiria," Mkuu akasema, "atakwambia Korogwe, maana ndipo injini ilipomzimikia. Nani kakosa hapo?"

Akanirudishia karatasi yangu. "Swali lako linavuja, mwanangu. Kaliziba, kisha uje kesho."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutunga na kuuliza maswali ya chemsha bongo, nami nilikuwa kijana wa kidato cha nne ambaye tangu amalize shule alikuwa akizurura tu: mara karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, mara muuza mitumba Muheza, mara sijui nini. Nyinyi mnaokua sasa mnaona maswali yanaruka kwenye simu, mnabonyeza, mnapata rangi ya kijani au nyekundu. Sisi swali tulilishona kama nguo. Swali linalovuja ni lile lenye majibu mawili ya haki. Kuliziba ni kuliongezea maneno mpaka libaki na mlango mmoja tu. Ukisema mlima mrefu, sema wa wapi. Ukisema mfalme, sema wa zama zipi. Na kila jibu lilitakiwa lisimame kwa miguu miwili: mguu mmoja kitabuni, mguu wa pili kwa mtu aliye hai anayelijua jambo hilo. Likikosa mguu mmoja, Mkuu wa Vipindi alilitupa.

Kipindi chenyewe kilikuwa hivi. Vijiji viwili vilishindana, kila kijiji watu watatu mezani, na wanakijiji wote wamekaa uwanjani wakisikiliza. Tuliuliza historia, jiografia, sanaa na burudani. Mimi nilishika kipaza sauti na kengele ya mkono, ya shaba, mfano wa zile za shule. Nikimaliza kusoma swali, mezani wana nusu dakika. Muda ukiisha nagonga kengele. Na kati ya swali na kengele hakuna kinywa kinachofunguliwa uwanjani, si cha mkubwa wala cha mtoto. Hiyo tuliiita sheria ya kengele.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Kigombe. Nakumbuka niliuliza juu ya mto mrefu kuliko yote Afrika, na dada mmoja mchuuzi wa dagaa akajibu upesi, "Naili." Nikampa pointi zake. Hakukaa. Akaniuliza kwa upole, "Na huyo aliyeupima, kaka, alitumia nini? Kamba?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi mjini nimeegemea dirisha la gari la redio, nikimfikiria mtu anayetembea kandokando ya maji kutoka maziwa makuu mpaka bahari ya kaskazini, ameshika mwisho wa kamba. Nilikuwa nimelisema neno Naili tangu darasa la tano bila kuuona urefu wake. Siku ile niliuona, nikaingiwa na hofu ya heshima, kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya katika nyumba kubwa. Hofu hiyo haijanitoka mpaka leo. Kila swali la mstari mmoja lina dunia nzima nyuma yake, na sisi tulikuwa tukizipanga dunia hizo kwenye kikapu na kuzipeleka vijijini kwa gari bovu.

Baada ya Kigombe nilizungushwa kila mahali, pwani na bara. Kazi ilinifaa, kwa kuwa miguu yangu haijawahi kupenda kukaa. Ndipo kukatokea jambo lililokaribia kuizima.

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, wasikilizaji walibuni njia ya kuwasaidia watu wao. Walikohoa. Kwa maswali ya kuchagua, kikohozi kimoja maana yake jibu la kwanza, viwili la pili. Redioni ilisikika kama uwanja mzima una kifua. Walioshindwa walilalamika, wakalalamika na wengine ambao hata hawakuwapo, na wafadhili wa kipindi wakaanza kurudi nyuma. Mkuu wa Vipindi akaniita ofisini.

"Fainali ni Moa na Maramba," akasema. "Inakwenda hewani moja kwa moja, hakuna kurekodi, hakuna kukatakata. Akisikika mtu mmoja anapenyeza jibu, mmoja tu, nakizima kipindi siku hiyo hiyo."

"Mkuu, Moa wako nyumbani. Uwanja utajaa watu wao. Nitawazuiaje?"

"Hiyo ndiyo kazi yako. Waambie ukweli."

Nilifika Moa asubuhi ya siku ya fainali kwa bodaboda, gari letu likiwa nyuma na mitambo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha chai. Nikamweleza yote: kikohozi, malalamiko, maneno ya Mkuu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo sisi tukifungua mdomo, vijiji vyote vinakosa kipindi."

"Ndiyo, mzee."

"Na tukiufunga tunaweza kukosa ushindi."

"Inawezekana."

Akamwaga machicha ya chai nje ya baraza. "Watu wa huku wanajua kupiga kelele, mwanangu. Kunyamaza sijawahi kuwaona. Tutatazama."

Baada ya sala ya alasiri uwanja ulijaa. Mwenyekiti alisimama akawaeleza watu wake kama nilivyomweleza, bila kupunguza. Meza ya Maramba iliongozwa na Mama Eliza, mwalimu wa kwaya ya kanisa, mwanamke wa Kishambaa mwenye sauti iliyotulia. Meza ya Moa iliongozwa na Bakari, fundi baiskeli, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa amejifungia na vitabu vya watoto wake. Mkewe, Mwanahamisi, alikaa mstari wa mbele uwanjani na kanga amejitanda mpaka mdomoni.

"Leo usipojua Brazili ziko wapi usirudi nyumbani," akamwambia mumewe kabla hatujaanza.

"Brazili ni moja, mke wangu," Bakari akamjibu. "Mji mkuu wake Brasilia." Watu wakampigia makofi.

Na kweli alikuwa amejiandaa. Alitaja miji mikuu ya nchi ambazo hata mimi nililazimika kutazama jibu mara mbili. Alieleza ukuta mkubwa wa China ulijengwa kuzuia nini. Mama Eliza naye hakuwa mtu wa mchezo. Kila Bakari alipopanda, naye alipanda, mpaka tukafika swali la mwisho Maramba wakiwa mbele kwa pointi moja. Swali la mwisho lilikuwa la Moa, lenye pointi mbili. Bakari akilipata, kombe ni lao. Akilikosa, linapanda gari kwenda Maramba.

Kwa desturi yetu swali la mwisho lilitolewa kwenye kibuyu na mshindani, ili pasiwe na shaka ya upendeleo. Mama Eliza akaingiza mkono, akatoa kikaratasi, akanipa. Nikakisoma kwanza kimoyomoyo, na moyo ukanilegea kwa ajili ya Maramba. Nilijiona nimeshawakabidhi Moa kombe.

"Sanaa na burudani," nikasoma. "Ni ala gani ya muziki ya pwani ya Afrika Mashariki inayotengenezwa kwa matete yaliyofungwa bapa kama ubao mwembamba, ndani yake zikatiwa mbegu, ambayo mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuitikisa?"

Nyuso zote uwanjani zikafunguka kwa pamoja. Kila mtu pale alikijua kitu hicho kabla hajajua kutembea. Kilikuwa kimetundikwa kwenye kuta za nyumba zao.

Bakari hakufunguka. Alikunja uso.

Nilimwona akisafiri. Nilimwona anatoka Moa, anavuka bahari, anaingia kwenye vile vitabu vya watoto wake, anatafuta. Wenzake wawili mezani walimwangalia yeye, kwa sababu ndiye aliyesoma. Ilikuwa wazi kilichomkamata: hakuweza kuamini kwamba redio ya mjini, katika fainali, kwa pointi mbili, ingemuuliza kitu cha nyumbani kwake. Maarifa kwake yalikuwa ya mbali. Hata nilipotaja pwani yake mwenyewe, aliisikia kama pwani ya watu wengine.

Na uwanja ulikuwa kimya.

Nimesikia vimya vingi katika maisha yangu, vya msikitini, vya msibani, vya vyumba vya mitihani. Kile cha Moa sijakisikia tena. Mamia ya watu walikuwa na neno moja mdomoni, neno lile lile, na hakuna aliyeliachia. Mwanahamisi aliuma pindo la kanga yake. Mzee mmoja aliyeniambia asubuhi ana pumu alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akakohoa. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kifuani. Hata Mama Eliza, ambaye kombe lilikuwa linamjia, aliinamisha macho kama mtu anayesali. Kipaza sauti changu kilikuwa wazi, na kilichokwenda hewani kilikuwa upepo kwenye majani ya minazi tu.

Bakari akainua kichwa. "Marakasi," akasema. "Vile vibuyu vya mbegu. Vya Amerika ya Kusini."

Hakuna aliyecheka. Nusu dakika ilikuwa haijaisha na sheria ilikuwa bado sheria. Ilipotimia niliuinua mkono wenye kengele, nikaona watu wote wanautazama mkono ule. Nikagonga.

"Kayamba," uwanja ukasema.

Hawakupiga kelele. Walilisema kama watu wanaotua mzigo, wanaume, wanawake na watoto kwa pumzi moja, na sauti ile ilipita kifuani mwangu nikakosa maneno ya kufungia kipindi. Mwanahamisi akaliachia pindo la kanga. "Bakari," akasema kwa utulivu, na redio nzima ikamsikia, "wewe si ndiye uliyeitikisa harusini Ijumaa?"

Bakari alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe ni kicheko. Hapo ndipo uwanja ukapasuka. Mtu alikimbilia nyumba ya jirani, akarudi na kayamba, wakamtupia. Bakari alisimama akaitikisa, na Mama Eliza, kombe mkononi, akaingia na sauti yake ya kwaya juu yake. Kipindi kilifungwa hivyo.

Simu ya Mkuu wa Vipindi iliita kabla hatujakunja waya. "Ule muda wa kimya," akasema, "nilidhani mitambo imekufa. Nikasimama. Mwambie mwenyekiti wao kipindi kinaendelea. Na umwambie asante."

Kiliendelea miaka kadhaa, kisha kikaisha kwa njia ya kawaida. Redio ikabadilisha vipindi, na majibu yakaingia mifukoni mwa watu. Nilistaafu nikiwa na miaka arobaini na kidogo, bila pensheni wala sherehe, nikapewa kengele. Wajomba zangu wanacheka wakinisikia nikijiita mstaafu. Sina kinyongo na simu. Nami ninayo, na nikiitumia kutafuta jambo bado naingiwa na hofu ileile ya Naili. Ila simu haina uwanja.

Miguu ikinisumbua napanda bodaboda nakwenda huku na huku. Juzi ilinifikisha Moa. Bakari bado anatengeneza baiskeli, mvi zimemjaa, na barazani kwake palikuwa na wazee, vijana na Mwanahamisi na birika lake. Akanikaribisha chai. Tuliposalimiana vya kutosha akakaa sawasawa kwenye kiti, akaweka mikono mezani.

"Muulizaji," akasema. "Niulize tena."

Nikaliuliza, neno kwa neno. Nalikumbuka kama jina langu. Matete, mbegu, mikono miwili. Na baraza lote likanyamaza. Mwanahamisi alisimamisha birika hewani. Msichana aliyekuwa anapita na ndoo alisimama njiani akafumba mdomo, naye siku ya fainali alikuwa hajazaliwa.

Bakari akakuna ndevu. Akatutesa sote mpaka tukaanza kusogea kwenye viti.

"Marakasi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wote walinigeukia, wakanisubiri. Kengele nilikuwa nimeiacha nyumbani Tanga. Nikachukua kijiko, nikakigonga kwenye glasi ya chai, ndipo wakasema.