Kanzu Niliyoiunguza

Harufu ya kitambaa kinachoungua hunirudisha mtaani Bwiza, uani kwetu, kwenye pasi ya makaa ya mama. Nilikuwa na miaka kumi.

Jumamosi hiyo mwalimu wa kwaya ya watoto alitukabidhi kanzu mpya tuzinyooshe, mimi na Furaha, jirani yetu ambaye wazazi wake walikuwa wamekimbia vita kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Furaha alipokwenda bombani kuchota maji, nikasikia ngoma za harusi zikipita barabarani. Nikakimbia kutazama, pasi nikaiacha juu ya kanzu. Niliporudi, kanzu moja ilikuwa na alama ya pasi kifuani, ya kahawia, kubwa kama kiganja cha mtu mzima.

Mwalimu alipouliza, ulimi wangu ulinitangulia. "Ni Furaha."

"Mi nilikuwa kwenye bomba," Furaha alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa mgeni, mimi walinijua tangu kuzaliwa. Akatolewa kwenye kwaya.

Jumapili mbili niliimba. Lakini kila tulipofika penye kuomba msamaha katika Sala ya Bwana, niliyaruka maneno hayo. Mwishowe nikamwambia mama, aliyekuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Umemuomba Mungu msamaha?"

"Ndiyo, mama. Kila siku."

"Basi amesikia. Lakini watu wa hii barabara bado wanamuita Furaha mwongo. Kila mutu aliyesikia ule uongo, asikie na ukweli. Na utausema we mwenyewe, Nadine."

Nilianza na kwaya. Mwalimu alimrudisha Furaha siku hiyohiyo, mbele ya wote, akamuomba radhi. Furaha akakubali kurudi, ila akakaa mwisho wa benchi, mbali nami. Niliumia, kwa sababu nilidhani kusema kungetosha.

Hata hivyo niliendelea. Nikawaambia akina mama wa bombani, nikamwambia fundi cherehani. Muuza ndagala alicheka, akasema kisa hicho alishakisahau. Nikamweleza chote vilevile, akiendelea kupima samaki wake.

Miezi ikapita. Siku moja mtoto mgeni kwenye kwaya alimnyooshea Furaha kidole: "Si huyu ndiye aliunguza kanzu?"

"Apana," nikasema. "Ni mimi. Yeye hakuwepo."

Furaha akageuka. "We Nadine, hauchoki?"

"Sichoki."

Akasogea kidogo, nikapata nafasi ya kukaa.

Wakati ule niliamini kwamba mtu aliyesamehewa ni yule ambaye kosa lake halitajwi tena. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichonitokea: Mungu alikuwa amenisamehe tangu siku zile nilipomuomba nikilia peke yangu kitandani, na ni msamaha huo ulionipa nguvu ya kulitaja kosa langu mlango kwa mlango, kisha nikaamka kesho yake nikiwa bado mtoto wake, mwenye kazi ya kumalizia.