Sayari ya Mke wa Mtu

Osea alimwacha mkewe Nesta kijijini Isansa na kahawa changa, akaenda kuoa mwanamke mwingine ng'ambo, wala hakumtuma mshenga kwa kina Nesta kusema ndoa imekwisha. Huo ndio ubaya aliotendewa. Kwao mke huletwa na mshenga, na mshenga huyohuyo ndiye humrudisha. Asipokuja, utazeeka ukiitwa mke wa mtu.

Mshenga alikuwapo, Mzee Yonathani, jirani tu. Alingoja kutumwa.

Miaka ikaenda. Kisha redio ikamtangaza Osea: mtoto wa Mbozi anagundua sayari ndogo, mawe yanayolizunguka jua huko mbali, na mgunduzi ndiye huyapendekezea majina. Vinyozi wa Mlowo wakabandika picha yake ukutani. Vilabuni walevi wakabishania mambo ya anga kama wanavyobishania mpira.

Wakati huo Kasiani, fundi cherehani wa Chapwa aliyefiwa na mkewe, alikuwa amemposa Nesta, na Nesta alimtaka.

"Osea akija tutamwambia amtume Yonathani, mambo yaishe," kaka yake Nesta alisema. "Mimi sina kinyongo na Kasiani."

Osea akaja. Mlowo ilifurika hata malori ya Tunduma yakasimama. Nesta alijipenyeza mpaka jukwaani. Kabla hajafungua kinywa, Osea alimshika mkono akamgeuza awatazame watu.

"Huyu ndiye Nesta. Sayari yangu ya kwanza nimeiita Nesta."

Vigelegele vikapanda. Nesta akamwambia kwa sauti ya chini, "Osea, mtume Yonathani nyumbani."

"Jina lako litabaki hata sisi tukifa," alijibu, uso ukiwa kwenye kamera.

"Sikuomba jina. Naomba mshenga."

Lakini watu walikwisha kumvuta Osea upande wa pili.

Nyumbani, kaka yake Nesta alikuwa amegeuka. "Mwanamume aliyekuacha hakutaji mbele za watu. Huyo bado amekushika."

"Amenishika kwa jiwe?"

"Wenzio hawatajwi hata kwenye matangazo ya kanisani, wewe unalalamika."

Wazee wakamuunga mkono. Kasiani alipopata habari akaja, kofia mkononi.

"Mimi nashona sare za shule, Nesta. Nitashindanaje na mtu aliyekuweka mbinguni?"

"Mbinguni sijaomba kukaa. Niweke Chapwa."

Kasiani akacheka kidogo, akaenda zake, na hakurudi.

Nesta hamwonei Osea wivu kwa kupendwa. Kazi ameifanya, na watu wana haki ya kumshangilia. Huenda hata alidhani anamtendea wema. Ila mtu akishapendwa na wengi, anachotoa huitwa zawadi, na aliyepewa hana tena pa kusemea kwamba si alichoomba.

Osea bado anadaiwa neno moja, lifikishwe na Yonathani mlangoni kwa kina Nesta, mzee huyo angali anaweza kutembea. Na kaka yake Nesta anadaiwa ile ruhusa ya Kasiani aliyokwisha kuitoa kwa kinywa chake.