Uzi Kutoka Kitale Hadi Bumula

Mtoto ambaye akipewa kazi ya shule huumwa na tumbo, siku akianza kuomba atlasi mwenyewe, jua kuna jambo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu huyaona mapema.

Huyu wangu ni binti wa marehemu kaka yangu. Mama yake alipoolewa tena huko Bumula alimwacha kwangu hapa Kitale, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na mume mpya hakutaka kusikia habari zake. Nimemlea tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Simgawi kwa mtu.

Mwalimu wake ndiye aliyeanzisha mambo ya kupima umbali kwenye ramani. Mimi hufuma sweta za shule, nyuzi zimejaa nyumbani, basi nikamfundisha. Nilimwonyesha kulaza uzi juu ya barabara, kufuata kila kona bila kuruka hata moja, kisha kuunyoosha kwenye kipimo kilichochorwa chini ya ramani. Tulipima Saboti. Tukapima Endebess, ninakopeleka sweta. Alifurahi, nami nikafurahi.

Kisha akaanza kupima bila kuambiwa. Nikiingia, anafunga atlasi. Akiwa shuleni niliichungulia, nikakuta barabara ya Bungoma, ile ya kwenda Bumula, imechakaa kwa vidole. Nani anamwita? Mama mtu hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, sauti tamu kama asali, na mimi huwapisha waongee. Nikakoma kuwapisha. Nikawa nakagua begi lake na kuangalia nguo zake kambani. Hata mama wa mboga pale stejini, magari yanapopakia abiria, nilimwonya: ukimwona huyu na begi, nishikie.

Jumamosi moja nikamkuta kitandani na atlasi.

"Unataka kutorokea Bumula," nikasema. "Usinidanganye."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Siendi mahali, Anti. Napima tu kama mama anasema ukweli."

"Ukweli gani?"

"Ati hawezi kuja kuniona juu ni mbali sana. Kila Jumapili ni hiyo tu. Na si mbali. Ni kama wewe kwenda Endebess na kurudi mara mbili. Na Endebess si unaendanga na unarudi kabla nguo zikauke?"

Hasira yote iliniishia, nikabaki na haya. Nikatafuta neno la kumfaa, hata kama si la kweli kabisa.

"Huo ni uzi wa sweta, mwanangu. Unavutika. Ukiulaza unaunyoosha, ukienda kuupima unajikunja. Ndiyo maana njia imekuwa fupi."

"Hata mimi nilishuku hivyo." Akafungua kiganja. Mlikuwa na kipande cha uzi wa kushonea magunia ya mahindi, ule mgumu usiovutika. "Nikarudia na huu."

"Na kona?"

"Zote. Si ni wewe ulinifundisha?"

Nilienda jikoni nikapika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumapili simu ililia saa ile ile. Alikuwa nje akifua soksi zake za shule. Nikamnyooshea. Alitazama jina kwenye kioo cha simu, akarudisha mikono yake kwenye karai.

"Mwambie niko mbali," akasema.