Mlango wa Babu na Kabari za Mninga

Harufu ya vumbi la mninga mpaka leo hunifanya nikunje uso na kujiuliza nani amekata nini. Tabia hiyo niliirithi kwa bibi, mama yake baba, mwaka mmoja wa sabini na kitu, tulipohamishiwa kijiji kipya huko Iringa katika miezi ya baridi. Tuliambiwa tungekuta kila kitu tayari; tukakuta majani na upepo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku hiyo bibi hakuamini hata salamu. Alikuja na kitu kimoja tu cha maana: mlango wa mninga ambao marehemu babu aliuchonga walipooana. Fremu yake, nayo ya mninga na kazi ya babu, ilivunjika kwenye tela la trekta, lakini mlango ulifika mzima. Bibi aliapa kwamba ukipunguzwa hata unywele, atarudi kwa miguu kwenye nyumba yetu ya zamani. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuezuliwa, na baba alijua bibi angekufa kwa baridi.

Ukuta mpya ulijengwa harakaharaka, nafasi ya mlango ikawa pana upande mmoja. Fundi aliweka fremu mpya ya paini, kisha akachomeka nyuma yake kabari, vipande vyembamba vya mbao vya kujazia pengo, ili fremu isimame wima na mlango usikwame. Bibi, aliyekuwa akimlinda kwa macho kutoka kwenye kigoda, aliinuka, akachomoa kabari moja na kuinusa. Mninga!

"Hii umekata wapi?"

"Mlango sijagusa, bibi."

"Usiniuzie mbuzi kwenye gunia! Pua yangu haijazeeka."

Akazichomoa zote. Fremu ikalala upande, mlango ukaburuza chini na kugoma kufunga, upepo ukaingia ndani. Bibi akaanza kufunga mzigo wake, nami nikaangua kilio.

 Fundi alikwenda kwenye rundo letu la kuni, akaleta mabaki ya ile fremu iliyovunjika, akapachika kabari moja pale alipoipasua. Ikakaa sawasawa. Bibi aliipapasa kwa muda. "Kumbe hii nayo ni mkono wa marehemu," akasema taratibu. Akazishika kabari mwenyewe, fundi akagonga.

Sasa ninafanya kazi Mbeya. Juzi programu yetu ya zamani ilikataa mashine mpya, akaja kijana wa kompyuta akaweka katikati programu ndogo ya kuzipatanisha. Nikamwambia hiyo kwetu ni kabari.

"Kwenye ya zamani umekata nini?"

"Sijakata kitu, mama."

Mafaili yalifunguka yote. Hata hivyo nilirudi kuyajaribu tena kabla ya kufunga ofisi. Bibi naye, mpaka alipofariki, kila jioni alipitisha vidole nyuma ya fremu kuhakikisha hakuna aliyemchomolea kabari za mumewe.