Mji wa Dhahabu Juu ya Boksi

Baba yangu aliamini maandishi ya juu ya mzigo kuliko macho yake mwenyewe, na simlaumu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge kule Korogwe, akipanga singa, nyuzi za mkonge, kwa madaraja: ndefu nyeupe huku, fupi kule, zenye madoa pembeni kabisa. Robota likishafungwa, mpangaji aliandika daraja ubavuni na kuweka jina lake chini. Likikutwa na singa chafu ndani, lilirudishwa mpaka miguuni pake, watu wote wakiona. La baba halikuwahi kurudi hata moja. Nilijivunia jambo hilo shuleni kama wenzangu walivyojivunia baiskeli za baba zao.

Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi kupunguzwa, tulihamia Handeni, tukafungua duka dogo karibu na mnada wa ng'ombe. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, kizuri na kibovu. Siku moja baba akashuka kwenye basi amepakata televisheni kama mtoto mgonjwa, na begani ana mfuko wenye mashine ya gemu na kaseti moja. Kaseti hiyo ndiyo iliyotutia aibu.

Juu ya boksi lake palichorwa mji wa dhahabu unaoelea kati ya nyota, una minara na taa. Baba aliutazama vizuri, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa mlangoni: UKIFIKA MWISHO UTAUONA MJI WA DHAHABU. Hakucheza hata mara moja. Kwake yeye, kilichochorwa nje ndicho kilichomo ndani.

Na kilichomo ndani, jamani! Kindege kimoja kidogo kinaenda kulia, kulia, siku zote kulia. Nyuma yake weusi mtupu wenye vidoti vyeupe, eti nyota. Maadui wanakuja kwa mstari kama mende waliofundishwa gwaride. Risasi zililia kama mtu anayegonga sufuria, na wimbo ulikuwa mmoja, mfupi, mpaka ukauota. Hata hivyo watu walikuja wakalipa kucheza, kwa sababu ya ule mji.

Aliyekuja kwa moyo kuliko wote alikuwa kijana wa Kimasai aliyeleta ng'ombe mnadani. Aliegemeza fimbo mlangoni, akamwamkia baba, akaketi. Nilimstaajabia sana. Watu wa kwao hawawanyooshei ng'ombe kidole kuwahesabu. Wanawajua kwa rangi na pembe, na aliyepotea wanamjua kwa pengo lake. Maadui wa gemu aliwashika akilini hivyo hivyo.

"Sasa anakuja mwekundu mwenye mkia," alisema kabla hajatokea. "Halafu weupe wawili, mmoja anachechemea."

Kweli, mmoja alichechemea. Mimi niliyeshinda na mashine ile kutwa nzima sikuwahi kuliona hilo. Kila mnada alifika mbele zaidi, na akiondoka alimwambia baba, "Mzee, mji nitauona."

"Utauona, kijana wangu," baba alijibu. "Si umeandikwa?"

Jibu hilo lilinichoma, maana mimi nilishajua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mchana baba akienda kwenye kishamba chetu nilibaki dukani peke yangu. Siku moja nilicheza mpaka nikamaliza duru ya tatu, ya mwisho. Kioo kikawa cheusi, nikashika kifua kuusubiri mji. Kikatokea kindege kile kile, na mende wale wale. Hapakuwa na mji. Hata neno hongera halikuwepo. Nikanyamaza, minada mitatu. Nilijiambia namlinda baba. Uongo mtupu! Niliogopa watu wakijua hawatakuja, tutafunga duka, nami nitapelekwa Bungu kwa bibi kulima mlimani.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya mnada wa nne. Duka lilijaa mpaka mlangoni. Yule kijana alivuka duru ya tatu bila kuguswa. Kioo kikawa cheusi, mtu akasema, "Nyamazeni!" Kindege kikatokea. Watu waliendelea kungoja, wakidhani mji uko mbele kidogo. Kijana alitazama kwa muda, kisha akaweka kishikio cha kuchezea chini.

"Mzee," alisema kwa upole, "hawa ni wale wale. Mwekundu yule. Weupe wawili, na yule kilema. Tumerudi tulikoanzia."

"Mzee katuuzia mbuzi kwenye gunia!" mmoja akapaza sauti, watu wakacheka.

Sikuwahi kumwona baba akichekwa. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alisimama, akamwambia yule kijana mbele ya wote, "Nisamehe, kijana wangu. Robota hili niliandika daraja bila kulifungua." Kisha akanigeukia. "Wewe unakaa hapa kila siku. Ulijua?"

Ningeweza kukana. Hakuna aliyeniona.

"Nilijua, baba."

Hakunipiga wala hakufoka. Alifuta ubao kwa kiganja, akanipa chaki. Nikaandika: HAKUNA MJI. GEMU INARUDI MWANZO. Nikamrudishia chaki, akaikataa.

"Mpangaji anaweka jina lake," alisema.

Nikaandika jina langu chini, machozi yakinidondoka mbele ya watu wa mnada. Sasa kila atakayepita atajua mwongo wa duka hili ni nani, ndivyo nilivyofikiri. Baba alisoma polepole, kama alivyokuwa akikagua singa. Kisha akachukua chaki mkononi mwangu, akainama, akaandika jina lake juu ya langu.