Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Wageni wa kiangazi hunikuta kibarazani nikichambua maharage, wageni wa theluji hunikuta jikoni, na wote huniuliza habari za yule mzee wa ng'ombe. Nimechoka kusimulia. Nimeandika hapa, anayetaka asome.

Vinzenz ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu hajaota ndevu anapanda na ng'ombe wa kijiji kizima hadi malisho ya juu mlimani theluji ikishayeyuka, na anashuka nao majani yakianza kukauka. Baridi ikiingia alikuwa anaendesha lifti ya viti inayowapandisha mlimani wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Mke hana, shamba hana. Riziki yake ya baridi ilikuwa lifti hiyo, na lifti ni ya Zita mwenye hoteli.

Mwaka mmoja ng'ombe wangu Fanni aliteleza kwenye majani baada ya mvua, akaanguka gengeni. Kwetu siku ya kushuka ng'ombe huvikwa mashada ya maua, lakini akifa hata mmoja huko juu, hawavikwi. Wanashuka vichwa vitupu, kengele zimezibwa kwa nyasi. Zita analijua hilo tangu utotoni, lakini hoteli yake ilikuwa imejaa watu waliofuata maua. Akapanda na mashada mkononi, akanikuta nimempelekea Vinzenz mkate.

"Mzee Vinzenz, wageni hawajui nani kafa, nani mzima."

"Ng'ombe wanajua."

"Ng'ombe hawalali hotelini kwangu."

"Basi wavike hao wanaolala. Na wewe lako moja, ungependeza."

Zita hakucheka. "Ukishuka hivyo, kwenye lifti yangu usinijie tena."

Akateremka, mashada akayaacha juu ya ukuta. Nikamwambia Vinzenz, "Shemeji, aliyekufa ni wangu. Mwenye msiba ni mimi, na nasema wavike."

"Umeshamaliza kumlilia?"

"Nani alimlilia? Ng'ombe mwenyewe mateke matupu."

"Muongo. Pua ilikuvimba kama kiazi."

"Na baridi ikija utakula nini?"

"Nitakula kwako. Unapika vibaya, ila nimezoea."

Akashuka nao vichwa vitupu. Barabara nzima zilisikika kwato tu. Wageni walishusha kamera zao, wakaulizana, kisha wakarudi kwenye bia. Sisi wa hapa tulisimama milangoni mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.

Zita alitimiza neno lake, akaweka mtu mwingine kwenye lifti. Baridi yote Vinzenz alishinda jikoni kwangu, amekalia kiti cha marehemu, akiwatazama wageni wakipanda viti vile bila yeye. Supu yangu aliinywa na kuisema. Kufikia mwisho wa theluji tulikuwa tumechokana kama mtu na mkewe.

Theluji ilipoyeyuka wenye ng'ombe walianza kuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, kila mtu na wake. Zita alikuja wa mwisho. Akawafunga ng'ombe wake wawili kwenye uzio, akakagua fundo la kamba muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Utapanda nao, mzee?"

"Nipande na nani mwingine?"

Akaenda zake. Habari ya lifti hakuitaja, wala Vinzenz hakuiuliza. Alisimama, magoti yakalia.

"Shemeji, nimechoka."

"Nani hajachoka?" nikamwambia, nikamfungia mkate.